Umechuma Wapi Hii Mboga?

Asubuhi, kabla ya kunisalimia, Agronome aliangalia kwanza bustani yangu. Alisimama upande wake wa ua wa matete, mikono nyuma, akapitisha macho kwenye mistari ya maharagwe, halafu ndipo akasema: "Jambo, madame. Maharagi yako inasongana sana." Siku nyingine salamu ilikuwa fupi zaidi: "Jambo. Lima." Tulikaa ujirani wa namna hiyo hapa Bunia kwa miaka kumi na sita.

Mtaa mzima ulimwita Agronome, yaani bwana shamba. Ndiyo kazi aliyoifanyia serikali tangu ujana, akizunguka kwa baiskeli kuwafundisha watu kupanda kahawa na kunyoosha mistari, na alipoacha kazi jina halikumwacha. Mimi nilifundisha Kifaransa, kwa hiyo aliniita madame. Nafikiri aliniheshimu kwa sababu hiyo tu, maana kwa kulima alinihesabu pamoja na wasiofaa.

Adui yake mkubwa ilikuwa dawa ya kuua majani. Ilianza kujaa sokoni miaka ile watu walipokuwa wanarudi kutoka ukimbizini kwenye parseli zao na kukuta nyasi zimefika dirishani. Ilitoka Uganda, na maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo mtaani kwetu hata sisi walimu tulipita mbali nayo. Siku ya soko Agronome alikwenda kusimama mbele ya wauzaji. Hakununua kitu. Alingoja mtu achukue chupa, kisha akamuuliza: "Weye, unajua imeandikwa nini hapa?"

"Ni dawa ya kuua majani, papa."

"Ni ile chupa njo imekuambia, ao ni huyu mwenye kuuza?"

Mteja akirudisha chupa, muuzaji anakunja uso. Walifika mahali pa kumnunulia Fanta ili akae mbali, upande wa wauza samaki. Alikunywa Fanta yake bila haraka, akashukuru, akarudi palepale.

Jumapili moja baada ya ibada alinijia na chupa tupu aliyoiokota na kamusi ndogo iliyokatika jalada. Alitaka tusome ile karatasi ya chupani pamoja. Nilimwambia mimi ni wa Kifaransa. Alisema shule ni shule. Tulimaliza alasiri nzima hapo, neno kwa neno, na nilichoka mpaka nikakosa adabu, lakini chini ya maandishi kulikuwa na picha za mtu mdogo: anavaa mabuti, anavaa glavu, ananawa mikono kwenye bomba. Agronome alimgusa kwa kidole. "Huyu mutu mudogo," alisema, "ni yeye peke njo ameandika kwa Kiswahili."

Tangu siku hiyo mtu mdogo wa chupani akawa mwalimu wake mkuu. Watoto wa mtaa walimjua, waliweza kumwigiza.

Chupa tupu ilikuwa vita nyingine. Kwetu chupa nzuri haitupwi. Itatiwa mawese, itatiwa mafuta ya taa, mtoto atabebea maji ya shuleni. Mama akisikia jirani amemaliza dawa yake anakwenda kuomba kile kibidoni, tena kwa heshima zote. Agronome alitembea na msumari mfukoni. Akikuta chupa ya namna hiyo uani kwa mtu, hakuomba ruhusa, aliitoboa mara tatu chini, akairudisha mahali pake. Aligombana na nusu ya avenue kwa ajili hiyo. Kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu alikataa kinywaji kwa sababu kilitoka kwenye bidon, dumu la manjano asilolijua, akaomba aonyeshwe bidon, akaigeuza juu chini mbele ya wakwe. Kaka yangu alinuna. Mimi nilicheka, kwa sababu wakwe nao waliacha kunywa.

Lakini asidhaniwe alikuwa mtu mnyoofu kama mistari yake. Aliwahubiria watu kunawa mikono, na mwenyewe kwenye mfuko wa koti lake la kazi karanga hazikukosekana. Ukimshika anatafuna, alijitetea: "Hii iko mufuko ya ndani." Alisema majani hayana kosa, kosa ni la mwenye kulala, na yeye alilala mchana kila siku mpaka saa tisa. Aliimba besi kwenye kwaya bila kujua wimbo unaelekea wapi. Na yeye aliyewafukuza wateja wa dawa sokoni, mwisho akawa mteja.

Sikumshangaa. Mkewe alikuwa amefariki, magoti yake yalikuwa yamekataa kuinama, na vijana wa kulima kwa siku walikuwa wamekwenda kuchimba dhahabu Nizi. Msimu mmoja nyasi zilimshinda. Nilimwona anarudi kutoka sokoni na pompe ya kubeba mgongoni, kakopa kwa mtu, uso ameuficha kidogo na kofia. "Usiniangalie hivyo, madame," alisema. "Nitafanya vile mutu mudogo anasema."

Na alifanya. Ukimwona siku ya kupulizia utadhani anakwenda kuzika mtu. Koti refu la mvua kwenye jua, mabuti, kitambaa kimefunga pua na mdomo. Alirusha kwanza majivu kidogo hewani kuona upepo unakwenda wapi, na upepo ukielekea kwangu aliahirisha. Nguo zake alizifua peke yake kwenye beseni la bluu ambalo mtu mwingine hakuruhusiwa hata kulisogeza. Kabla ya yote alizunguka kwa majirani, nyumba kwa nyumba, akitangaza: "Leo napulizia. Kuku ndani, watoto ndani. Mboga ya kwangu mutu asiguse siku quatorze."

Tangazo hilo la kutogusa mboga siku kumi na nne lilikuwa na maana yake. Pale kwetu lenga-lenga, ndiyo mchicha, huota yenyewe katikati ya mahindi ya mtu, hakuna aliyeipanda, na kwa desturi mboga iliyojiotea haina mwenyewe. Mama yeyote anaweza kuingia kwa jirani akachuma mkono mmoja wa lenga-lenga ya kupikia ugali, hakuna wa kumuuliza. Mwenye shamba akimwona anamsalimia tu. Kwa mwenye dawa yale ni magugu, kwa mwenye sufuria ni chakula cha jioni, na Agronome alilijua hilo vizuri kuliko sisi sote. "Dawa haijue jina ya mboga," alisema kila mara. Tena alieleza kwamba mboga iliyopuliziwa leo, jioni bado inang'aa. Inakudanganya kwa uzuri wake.

Miaka ile amani ilikuwa ya kusikiliza. Juma zuri, juma baya. Barabara ya Djugu inafunguliwa, inafungwa. Familia zilishuka na magodoro kichwani, wengine wakaenda kambini, wengine wakagonga kwa watu. Kwa Agronome aligonga mama mmoja kutoka upande wa Kpandroma, na watoto mapacha wa miaka minne. Mama wa mapacha kwetu huitwa Mama Mapasa, na sikumsikia akiitwa vingine. Agronome alimpa chumba cha nyuma bila maneno. Mtaa ulisema maneno kwa niaba yake, kwa sababu mama yule hakuwa wa upande wetu.

Nitasema la kwangu pia, maana ndilo linaloniandikisha haya. Mwaka uleule ng'ombe wa kaka yangu walikuwa wamechukuliwa, na tuliamini wamechukuliwa na watu wa upande wa Mama Mapasa. Yeye alikuwa mjane mwenye watoto wawili na jembe moja. Ng'ombe hakuwaona hata mkia. Nililijua hilo kwa kichwa, moyo haukusoma. Nilimsalimia kwa sababu nilikuwa mkristo, na sikuongeza neno.

Siku yenyewe Agronome alitangaza saa sita, kama kawaida. Alifika kwangu, akasema kuku ndani, mboga siku quatorze. Alipulizia saa kumi upepo ulipotulia, akafua nguo zake, akaingia kupumzika. Mama Mapasa alikuwa Marabo tangu alfajiri, alikokwenda kununua ndizi za kuja kuuza. Alirudi jua likiwa bado juu kidogo, akatua mzigo, akaingia katikati ya mahindi na kuanza kuchuma lenga-lenga.

Nilikuwa natoa nguo kwenye kamba. Niliona. Alinyoosha mgongo, akaniona nami, akasema: "Jambo, madame."

"Jambo," nilisema.

Nikakunja shuka. Nilijiambia kwamba ni mtu wa nyumbani mwake, lazima amemwambia. Nilijiambia labda anachumia sungura. Mtu asiyetaka kufungua mdomo hakosi sababu. Nilibeba nguo zangu nikaingia ndani.

Kulipokucha pacha mmoja alikuwa anatapika na mwingine analia tumbo, na mama mwenyewe ameshika ukuta. Agronome hakuwa amekula. Jioni ile alitosheka na chai na karanga zake. Alipoona sufuria na majani yaliyobaki alielewa hapo hapo. Alinipigia kelele juu ya ua nimwitie pikipiki mbili, na mimi nikakimbia, na miguu yangu ilijua kwa nini.

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliuliza swali ambalo Agronome alikuwa amelifundisha mtaa mzima. "Papa, ni dawa gani? Étiquette iko wapi?"

Agronome alitoa ndani ya koti chupa ndogo ya jusi. Haikuwa na ile karatasi ya maandishi. Yeye aliyesema dawa bila étiquette ni sumu bila jina alikuwa amenunua kwa détail, ya kupimiwa, kama kila mtu, chupa kubwa ikiwa imemshinda. Aliiweka mezani na hakuinua macho.

Muuguzi hakumgombeza, na ingekuwa afadhali amgombeze. Alieleza polepole. "Ziko mbili zenye wanauza sana. Moja inachoma. Mutoto anaweza tapika, akapona, akacheza, kisha siku zingine mapafu inafunga. Ile ingine inasumbua tumbo, inapita. Nitawafanyia yote yenye naweza. Lakini kama sijue ni gani, sijue nimwambie mama nini."

Mama Mapasa alikuwa amekaa chini na mtoto kwenye kila goti. Alimwangalia Agronome.

Agronome alikwenda sokoni kwa muuzaji. Muuzaji alimwambia ukweli: siku ile alikuwa amefungua mabidon mawili, alimimina huku na huku, hakumbuki. Basi mzee alirudi kwake, akachukua kigoda, akakaa katikati ya nyasi alizozipulizia. Nilimkuta hapo saa tatu. Nilidhani akili imemtoka. Akanifafanulia bila kunigeukia. Ile dawa ya kuchoma, jua likipanda tu, majani yanakunjamana na kuwa kahawia kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mchana haufiki. Ile nyingine inashuka mizizini, na majani hukaa kijani karibu juma zima kabla ya kugeuka manjano.

"Madame," alisema, "maisha yangu yote nilikuwa naua majani. Leo naomba isikufe."

Nilikaa naye, chini, kwenye udongo. Nilikuwa na neno moja la kusema na sikulisema. Saa nne jua lilitoka vizuri. Alishika jani moja la lenga-lenga kati ya vidole, akaligeuza, akaliacha. Saa tano akashika jingine. Jasho lilimtoka. Niliyaangalia majani yale mpaka nikaanza kuona kahawia mahali isipokuwepo, na Agronome akaniambia niache kupumua juu yake. Saa sita ilipita. Saa saba alisimama, magoti yakalia, akang'oa mche mmoja wa lenga-lenga na fungu la nyasi. Yote mabichi, yamesimama wima.

Huko kituoni mambo yalikuwa yameharibika. Ndugu za Mama Mapasa wa kambini walikuwa wamesikia, na vijana wao wapatao kumi walisimama mlangoni. Upande wa pili wa barabara walisimama vijana wa mtaani kwetu. Neno lililokuwa likipita ni kwamba mzee amewalisha sumu wageni kwa sababu ya ukabila. Chef wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, alikuwa katikati, akifuta uso. Mji wetu umewahi kuwaka kwa mambo madogo kuliko hilo.

Agronome alipita katikati yao na majani yake mkononi. Alimkabidhi kwanza muuguzi. "Angalia. Nilipulizia jana saa kumi. Haijachoma." Muuguzi aliyashika, akayainua kwenye mwanga, akatikisa kichwa kukubali, akasema hata hivyo watoto watabaki siku tatu. Ndipo mzee akawageukia watu.

"Sumu ni yangu," alisema. "Mimi njo nilipulizia. Nilitangaza kwa majirani wote, huyu mama alikuwa Marabo, na aliporudi nilikuwa nimelala. Nikasahau mutu wa nyumba yangu. Tena nilinunua dawa bila jina. Kama munatafuta mutu, ni mimi peke. Hakuna mwingine."

Kijana mmoja wa kambini akauliza: "Na jirani hawakuona?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. "Hakuna mwingine," Agronome alirudia. Kutoka ndani, Mama Mapasa akasema kwa sauti iliyochoka kwamba watu waondoke, watoto wanataka kulala. Waliondoka kidogo kidogo, kwanza wa kwao, halafu wa kwetu. Siku ya tatu mapacha walitoka wakidai mandazi.

Kilichofuata mtaa ulikicheka, lakini kwa upole. Agronome alimlipa mwenye pompe, kisha akaitoboa kwa msumari wake, mara tatu, chini. Alirudi kwenye jembe na magoti yale yale. Alipoinama upande mmoja Mama Mapasa aliinama upande wa pili, wakapalilia misimu miwili pamoja wakigombana juu ya mistari. Lenga-lenga waliiacha iote. Barabara ilipotulia mama alirudi Kpandroma na watoto, na tangu hapo Agronome akawa na tabia mpya: mtu akimpelekea mboga, hata fungu dogo, hata ya pasta wa kanisa, aliuliza kabla ya asante. "Umechuma wapi? Lini? Nani alipita pale mbele yako?" Watu waliacha kumpelekea mboga. Walimpelekea ndizi.

Mara ya mwisho nilipokaa naye, macho yake yalikuwa yamefunga ukungu na shamba lake lilikuwa nyasi tupu. Alikuwa kwenye kigoda kile kile, mlangoni, na koti. Nilikuwa na lenga-lenga kwenye kikapu. Ilikuwa imepita miaka, na kila nilipomwona kwenye ule ua wa matete neno lilinifika mdomoni likarudi. Siku ile niliona kwamba sitapata siku nyingine nyingi.

"Agronome," nilisema, "siku ile mie nilimuona Mama Mapasa anachuma. Ulikuwa umeniambia. Sikumwambia."

Aliendelea kutafuna karanga.

"Najua," alisema. "Aliniambia kwa pikipiki, tukienda na watoto. Alisema: mbona madame aliniona, akanisalimia? Kwake ilikuwa ruhusa."

Nilihisi aibu ya mtoto, ile ya kushika masikio. "Juu ya nini hukusema? Walikuuliza mbele ya watu wote."

"Ningesema, wangekuwa na watu wawili wa kuchukia. Na weye uko na kaka na ng'ombe zake, na wale vijana ya ng'ambo ya barabara. Mumoja alikuwa anatosha." Akapangusa mikono kwenye koti. "Tena kosa ilikuwa yangu kweli. Ya kwako ilikuwa ndogo, lakini uliibeba siku mingi. Inatosha."

Nililia kidogo, naye akaniacha nilie, akiangalia upande wa bustani yangu, aliyozoea zamani kuikagua. Kisha akanusa hewa, akanyoosha mkono kwenye kikapu, akapapasa majani.

"Ni lenga-lenga?"

"Ni lenga-lenga."

Nilingoja maswali yake. Nilikuwa nimejiandaa: kwangu, asubuhi hii, hakuna aliyepita. Agronome alilitoa fungu kikapuni, akaliweka mikononi mwangu.

"Sufuria iko nyuma ya mulango," alisema. "Osha, upike. Niko na njaa."